Dondoo Muhimu: Kupanda Ngome ya Mehrangarh, Jodhpur

Nenda kati ya Oktoba na Machi. Mwezi Mei jua la Rajasthan halina mzaha, na mawe hubaki na joto hata jua likishatua. Wahi asubuhi, kabla ya mabasi ya watalii.

Lifti ipo, ila magoti yakikuruhusu, panda kwa miguu. Rao Jodha alianza kujenga hapa mwaka 1459, juu ya mwamba mtupu, na utamu wa ngome uko kwenye njia hiyo ya kupandia. Utaona inavyokata kona kali karibu na malango: tembo wa adui asipate nafasi ya kukimbia na kuyagonga. Penye Loha Pol, lango la chuma, tazama viganja vilivyochongwa ukutani. Ni kumbukumbu ya wajane wa kifalme waliochomwa pamoja na maiti za waume zao. Wengi hupiga picha na kupita. Simama kidogo.

Ndani, muda wako mwingi upe Phool Mahal, ukumbi wa starehe uliopambwa kwa dhahabu. Kwangu mimi unaishinda Sheesh Mahal na vioo vyake vyote. Machela za tembo na vitanda vya watoto wa kifalme vinatosha kutazamwa mara moja.

Beba soksi. Kwenye hekalu la Chamunda viatu huvuliwa, na sakafu ya adhuhuri huunguza. Kisha nenda kwenye mizinga ya ukutani, uangalie nyumba za buluu kule chini.