Chupa ya Dawa Inafanya Nini Kwako?

*Shangazi, mimi ni nesi Mikumi. Kuna mama ana saratani ya mlango wa kizazi, kwao kata ya Ulaya, njia ya Kilosa. Hospitali imebaki kumtuliza maumivu tu. Ananiita mwanangu. Nampitia kwa bodaboda asubuhi kabla ya zamu na jioni nikitoka. Usiku wakipiga simu naenda. Morfini nakaa nayo mimi, maana binti yake hajui kupima. Matroni anasema nimevuka mipaka. Kumpenda mgonjwa ni kosa? Nesi N.*

Mwanangu, kumpenda si kosa. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's, ya kutunza wagonjwa walio karibu na kifo, jijini London mwaka 1967, alimpenda David Tasma, mgonjwa aliyefariki mwaka 1948 na kumwachia pauni 500 za kuanzia kazi hiyo. Siku mama akiondoka, lia.

Ila sentensi moja imenikaa kooni: morfini unakaa nayo wewe. Unajua kuliko mimi kwamba morfini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, maumivu yawe yamekuja au hayajaja. Wewe unapita asubuhi na jioni. Hapo katikati anakunywa nini? Anakusubiri. Na wewe, niwie radhi, unapenda kusubiriwa. Halafu unalalamika simu inaita usiku wa manane!

Binti hajui kupima. Nani alimfundisha akashindwa? Mtu anayeweza kupima mafuta ya kula hawezi kushindwa na bomba la sindano lisilo na sindano. Chora mstari kwa kalamu pale dozi inapoishia. Mweleze na dawa ya kulainisha choo, maana morfini hufunga tumbo.

Mimi kwa hili sibishani na mtu: kumuuguza mzazi ni haki ya mtoto kabla hakujawa wajibu wake. Mama akishazikwa, wewe utapewa mgonjwa mwingine wiki hiyohiyo. Binti hatapewa mama mwingine. Atakapojiuliza uzeeni alimfanyia nini mama yake, usimwachie jibu kwamba alikuwa akimfungulia nesi mlango.

Kuzima simu usiku, kuomba ubadilishiwe mgonjwa, hayo yasubiri. Kesho peleka chupa Ulaya. Mkabidhi binti mbele ya mama, apime yeye, wewe uangalie. Akikosea, arudie. Ukitoka hapo nenda kwa matroni ukamweleze dawa ilikuwa wapi, kabla hajaambiwa na watu.