Joto la Mkanda: Kijitabu kwa Wenye Mashine za Kusaga, Barumbu, Jimbo la Tshopo

Mashine nyingi za kusagia muhogo na kukoboa mpunga huendeshwa na injini ya dizeli, ambayo nguvu yake hufika kwenye kinu kwa mkanda wa mpira wenye umbo la V, yaani mpana juu na mwembamba chini, unaojibana ndani ya mifereji ya puli mbili, moja ya injini na nyingine ya kinu. Mkanda ukikatika mapema, lawama hutupiwa jua la ikweta, na mara nyingi jua halina kosa. Magari ya theluji ya Kanada nayo huendeshwa kwa mkanda wa mpira kati ya puli mbili, na mikanda hiyo huungua katikati ya barafu, kwa sababu kinachoipasha moto ni kuteleza kwa mkanda juu ya puli.

Mkanda hushika kwa mbavu zake mbili zilizolala mshazari, wala haushiki kwa tumbo. Mfereji uliolika hata sakafu yake ikang'aa unaonyesha kwamba mkanda umezama na unakanyaga pasipo na mshiko, na puli ya namna hiyo itaumaliza mkanda mpya kama ilivyoumaliza wa zamani. Mkanda uliolegea nao huteleza, mbavu zake zikawa ngumu na laini kama kioo. Uliokazwa kupita kiasi huumiza beringi. Ukibonyezwa katikati kwa nguvu ya wastani, unapaswa kushuka milimita 16 hivi kwa kila mita moja ya nafasi kati ya sehemu unapogusa puli, na kwa kuwa mkanda mpya hulegea upesi, hupimwa tena baada ya siku ya kwanza ya kazi. Puli hunyooshwa kwa uzi uliovutwa, unaogusa nyuso za puli zote mbili bila kupinda.

Kupaka mawese au sabuni ili mkanda usipige kelele ni kuuharibu, maana kelele hunyamaza lakini utelezi huongezeka. Kinu huwashwa kikiwa kitupu, na muhogo humiminwa kidogo kidogo baada ya injini kushika mwendo. Muhogo ambao haujakauka vizuri hukigandisha kinu, puli yake ikapunguza mwendo huku ya injini ikiendelea kuuburuza mkanda.

Kinga ya mkanda iwe ya wavu wa chuma, kwa kuwa bati lililozibwa hufungia joto ndani, ingawa kuiondoa kabisa ni hatari kubwa zaidi kwa mtu aliyevaa kitenge. Injini ikishazimwa na puli kusimama, mkanda hujaribiwa kwa kiganja: usioshikika hata kwa sekunde chache umepata joto la kupita kiasi.

Mashine yenye mikanda kadhaa hubadilishiwa yote kwa pamoja, hata ukikatika mmoja tu, kwa sababu mkanda mpya ukichanganywa na iliyokwisha kurefuka hubeba mzigo wote peke yake.