Kuku wa kisasa: homoni hazipo, dawa zipo

Daktari wa mifugo anajibu maswali ya wasomaji kuhusu homoni, dawa na kemikali katika nyama, mayai na maziwa.

Shikamoo daktari. Kuku wa kienyeji namfuga nusu mwaka ndipo ajaze sufuria. Huyu wa kisasa wiki tano tu yuko sokoni. Kama hachomwi homoni, anakuaje hivyo?

Marahaba. Anakua kwa mbegu yake na kwa chakula anachokula, basi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo huwa napenda kulitaja. Walichukua vifaranga vya kuku wa nyama wa mbegu ya mwaka 1957, ambayo ilitunzwa bila kubadilishwa, na wengine wa mbegu ya 1978 na ya 2005. Wote waliwapa chakula cha aina moja na matunzo yaleyale. Siku ya 56 wakapimwa. Wa 1957 alikuwa na wastani wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Hakuna aliyepewa homoni. Kilichotofautiana ni wazazi: kizazi baada ya kizazi, wazalishaji wa mbegu walichagua jogoo na mtetea waliokua upesi kuliko wenzao.

Isitoshe, homoni ya ukuaji ni protini. Ukiichanganya kwenye chakula, tumbo la kuku litaimeng'enya kama linavyomeng'enya dagaa. Ili ifanye kazi ingebidi ichomwe kwa sindano, tena mara kwa mara, kuku mmoja mmoja. Mfugaji mwenye kuku 500, anayepata faida ndogo kwa kila mmoja, hana muda wala fedha za kufanya hivyo.

Mbona mama yangu alitukataza kula shingo, eti ndiko sindano inakopita?

Katazo hilo lina asili ya kweli, ila si ya kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wafugaji wa Marekani waliruhusiwa kupachika kidonge cha homoni bandia iitwayo DES chini ya ngozi ya shingo ya jogoo, ili anenepe na nyama yake ilainike. Matumizi hayo kwa kuku yalisitishwa mwaka 1959, na hadi leo homoni haziruhusiwi kwa kuku hata huko Marekani. Kwa ng'ombe wa nyama wao bado wanaziruhusu baadhi. Ulaya ilianza kuzipiga marufuku mwaka 1981, baada ya DES kukutwa Italia katika vyakula vya watoto vilivyotengenezwa kwa nyama ya ndama.

Huku kwetu sindano ambayo kuku anaweza kuchomwa shingoni ni ya chanjo, kama ile ya Mareksi anayopewa kifaranga wa mayai akiwa na siku moja. Kula shingo yako.

Binti yangu ana miaka tisa na ameanza kuota matiti. Majirani wanasema ni chipsi kuku. Nimeogopa sana.

Pole, mama. Umri huo bado uko ndani ya kawaida. Madaktari wa watoto huanza kuchunguza dalili hizo zikitokea kabla ya miaka minane. Kinachojulikana kuharakisha balehe kwa wasichana wengi ni uzito na mafuta ya mwili. Chipsi kuku za kila siku, soda na kukaa ndani vinaweza kuchangia kwa njia hiyo, na si kwa sababu kuku ana homoni. Mpeleke kwa daktari akuhakikishie, ila usimhukumu kuku kwa kosa lisilo lake.

Basi tule tu bila wasiwasi?

Hapana. Wasiwasi uwepo, lakini uelekezwe kwenye antibiotiki.

Ingia duka la dawa za mifugo useme kuku wako wanakoroma. Mara nyingi utapewa pakiti ya oksitetrasaiklini au tailosini, au chupa ya enrofloksasini, bila kuulizwa cheti wala nani amewaona hao kuku. Huenda wana kideri, ambacho husababishwa na virusi. Antibiotiki haiui virusi. Kuku watakunywa dawa na watakufa vilevile, na watakaopona watakuwa na dawa mwilini. Halafu kuna pakiti ambazo wafugaji huziita "vitamini za kuanzia". Geuza baadhi yake usome maandishi madogo nyuma: oksitetrasaiklini imo. Kifaranga mzima anaanza kunywa antibiotiki siku ya kwanza, na mwenyewe anaamini anampa vitamini.

Madhara yake ni mawili. La kwanza ni mabaki. Kila dawa ina muda wa kusubiri, yaani siku ambazo lazima zipite kati ya dozi ya mwisho na kuchinja, kukamua au kuokota mayai ya kuuza. Umeandikwa kwenye lebo. Enrofloksasini ya kunyweshwa, kwa mfano, kwa kawaida huandikiwa siku saba kwa kuku wa nyama, na haifai kabisa kwa kuku ambao mayai yao yataliwa. Lakini kuku wakianza kufa wiki ya mwisho, mfugaji mwenye deni la chakula anawanywesha dawa asubuhi na kuwauza waliobaki jioni. Kwenye maziwa, tatizo hilo akina mama wanaotengeneza mtindi wanalijua kabla ya maabara: maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa kiwele hayagandi, kwa kuwa dawa iliyobaki imeua vijidudu vya kugandisha.

Madhara ya pili ndiyo yanayoninyima usingizi. Ni usugu. Bakteria wanaozoea dozi ndogondogo bandani hujifunza kuishi nazo, kisha hutufikia sisi kwa nyama mbichi, mbolea, maji na mikono ya wafugaji. Enrofloksasini ni ndugu wa sipro tunayopewa hospitalini kwa homa ya matumbo na maambukizi ya njia ya mkojo. Marekani iliizuia kwa kuku mwaka 2005 kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 2015 wanasayansi wa China walitangaza kwamba kwenye nguruwe, nyama na wagonjwa wamekuta jeni inayowapa bakteria kinga dhidi ya kolistini, dawa ambayo hospitali huiweka kama akiba ya mwisho. Nguruwe walikuwa wanalishwa kolistini ili wanenepe. China iliipiga marufuku kwenye vyakula vya mifugo mwaka 2017. Sweden ilikataza antibiotiki za kukuzia mifugo tangu 1986, na Umoja wa Ulaya wote Januari 2006. Waliokataza mapema hawakuacha kula nyama. Walilazimika kusafisha mabanda.

Mwaka 2019 pekee, vifo takriban milioni 1.27 duniani vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na kanda iliyoumia zaidi ni Afrika kusini mwa Sahara. Si vyote vinatoka bandani. Sisi wenyewe tunameza antibiotiki kwa mafua. Lakini banda lina sehemu yake.

Ni kweli kuku na nguruwe wanapewa ARV, dawa za VVU?

Imetokea. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Uganda ilikiri mbele ya wabunge kwamba inafahamu dawa hizo zinatumika kwa mifugo. Baadhi ya wafugaji wanaamini zinatibu kideri na homa ya nguruwe. Hakuna tiba hapo, na dawa hizo zimeibwa kwa wagonjwa wanaozihitaji. Ukiona, toa taarifa.

Kupika kunaondoa dawa?

Kunaua bakteria, na hilo ni kubwa. Dawa yenyewe haiondoki yote: oksitetrasaiklini hupungua kwa kuchemshwa, enrofloksasini hustahimili moto. Zaidi ya hapo, usikatie kachumbari kwenye ubao uliokatia kuku mbichi. Bakteria sugu hupenda njia hiyo.

Bucha letu nyama ni nyekundu siku tatu mfululizo. Ni sawa?

Nyama ya bucha isiyo na jokofu hugeuka rangi haraka. Ikibaki nyekundu ya kung'aa, shuku salfaiti. Nchini Kenya, Julai 2019, runinga ya NTV ilionyesha jinsi metabaisalfaiti ya sodiamu ilivyokuwa inatumika madukani kuficha umri wa nyama. Kemikali hiyo inaruhusiwa kwa kiwango maalumu katika matunda makavu na divai. Kwenye nyama mbichi inahadaa jicho, inaharibu vitamini B1, na inaweza kumbana kifua mwenye pumu. Nchini Tanzania, usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019. Wapelekee malalamiko.

Daktari, mimi nafuga. Nikisubiri siku saba kuku wanakula faida yote. Nifanyeje?

Nakuelewa, chakula ni ghali. Kwa hiyo kazi ifanyike mwanzoni. Chanja kideri na gumboro kwa ratiba uliyopewa na mtoa vifaranga. Kama una wa kienyeji, kuna chanjo ya kideri ya matone ya jicho inayovumilia joto, inayotengenezwa na maabara yetu ya veterinari. Rudia kila miezi mitatu. Maranda yawe makavu, maana kuhara damu huanzia kwenye unyevu. Wakiugua, peleka mzoga upasuliwe kabla hujanunua dawa. Na uwe na daftari: jina la dawa, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho. Dawa ikitumika, hesabu siku za kusubiri kama sehemu ya gharama, kama unavyohesabu mkaa wa kulelea vifaranga.

Nanyi wanunuzi, mkienda bandani au kwa muuzaji, ulizeni dawa ya mwisho ilitolewa lini. Mfugaji mwenye daftari atawafungulia ukurasa. Nunueni kwake, hata akizidisha shilingi mia tano.