Tapeli Amejuaje Jina Lako na Pesa Ulizolipa?

Namba ngeni inakupigia. Mtu anakuita kwa majina yako mawili, anajua ulinunua viatu mtandaoni wiki jana, na hata kiasi ulicholipa anakitaja. Kisha anasema malipo yamekwama, umpe PIN akurekebishie. Hapo ndipo wengi huingia mtegoni: "Kama si mtu wa kampuni, angejuaje hayo yote?"

Huenda aliyapata kwenye hifadhidata ya duka lenyewe.

Data hutokaje dukani?

Duka la mtandaoni huweka majina, namba za simu na oda za wateja kwenye hifadhidata. Ili kuisimamia, mafundi wengi hutumia programu inayofunguka kwenye kivinjari, kama vile phpMyAdmin, iliyoanza mwaka 1998, au Adminer, ambayo ni faili moja tu. Hizi ni programu halali na za bure. Shida ni kwamba zikiachwa wazi kwenye intaneti, ni kama mlango wa stoo unaotazama barabara: kila mpita njia anaweza kujaribu kitasa.

Makosa haya yamewahi kutokea kweli:

1. Kupakua nakala yenye sumu. Septemba 2012, seva moja nchini Korea iliyokuwa ikisambaza programu za SourceForge ilikutwa na phpMyAdmin iliyochezewa. Ndani yake kulikuwa na faili ya ziada iliyompa mwizi uwezo wa kuendesha amri zake kwenye seva ya aliyeiweka. Watu kama 400 walikuwa wameshaipakua.

2. Kubofya linki ovyo. Desemba 2017, phpMyAdmin ilitoa toleo 4.7.7 kuziba tundu baya. Msimamizi aliyekuwa ameingia kwenye mfumo angebofya linki ya tapeli, na kivinjari chake kingetuma amri ya kufuta data bila yeye kujua.

3. Kusahau faili ya zamani. Matoleo ya Adminer kabla ya 4.6.3 yangeweza kulazimishwa kujiunga na seva ya mwizi, kisha mwizi asome mafaili ya duka, pamoja na lile lenye nenosiri la hifadhidata.

Wewe mteja ufanye nini?

Kumbuka jambo moja: PIN yako haimo kwenye hifadhidata ya duka. Unapolipa, unaiandika kwenye simu yako mwenyewe, na duka hupokea tu ujumbe kwamba pesa zimefika. Ndiyo maana tapeli mwenye data yako yote bado lazima akupigie. Kipande anachokosa unacho wewe.

- Mtu kujua jina lako na oda yako si ushahidi kwamba ametoka kwetu.
- Usimpe mtu PIN, wala namba ya siri inayokuja kwa SMS. Hata akijiita meneja.
- Kata simu, kisha wewe mwenyewe upige namba rasmi ya huduma kwa wateja.

Una biashara mtandaoni?

Muulize fundi wako maswali haya leo:

- Je, ukurasa wa phpMyAdmin au Adminer unafunguka kwa mtu yeyote? Ufungwe, uruhusu kompyuta zinazojulikana tu.
- Toleo tunalotumia ni la lini? Lisasishwe, na lipakuliwe kwenye tovuti rasmi pekee.
- Kuna faili ya Adminer iliyobaki baada ya kazi? Ifutwe.

Data ikivuja na kuna hatari ya kweli ya wateja kudhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue. Wateja nao wajulishwe. Ukiwaambia mapema, watakuwa tayari tapeli atakapowapigia.