Mairungi, Panya na Swali la Hukumu

Wakati wa mitihani iliyopita, mwenzangu wa chumbani alikuwa akitafuna mairungi usiku ili asome. Usiku wa nne alinirushia kiatu kwa sababu nilifungua dirisha. Huyu ni kijana mpole, mara nyingi ndiye anayetuswalisha Isha. Kesho yake akaniuliza kwa haya: "Sheikh, wewe ndiye unayesoma dini. Je, ni majani au ni mimi?"

Nilianza na jani lenyewe. Mairungi mabichi yana katinoni, kemikali inayosisimua ubongo kwa njia inayokaribiana na amfetamini. Jani likinyauka, katinoni huvunjika ikawa kitu dhaifu zaidi. Ndiyo maana wauzaji huyafunga kwa majani ya mgomba na kuyakimbiza sokoni.

Kuhusu hasira, Banjaw na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2006. Panya waliotengwa, kila mmoja peke yake, walipewa dawa iliyokamuliwa kutoka majani hayo mara kwa mara, na ukali wao ukaongezeka. Ndugu yangu, usiliruke neno "waliotengwa". Panya ni mnyama wa kundi, na upweke wenyewe humfanya mkali. Majani yalizidisha ukali uliokuwepo tayari.

Baadhi yetu hapa hurukia kiyasi: panya kawa mkali, basi ni haramu. Mimi siafiki haraka hiyo. Ibn Hajar al-Haytami, faqihi wa Kishafi aliyefariki mwaka 974 Hijria, aliandika risala nzima kuhusu qati, ambayo ndiyo mairungi yetu. Habari za watumiaji zilimfikia zikigongana: huyu asema inadhuru, yule asema haina neno. Hakuiharamisha kwa kukata, bali alihimiza iepukwe. Yaani kilichomsumbua ni ushahidi wa madhara, na naona panya wa maabara wanaingia kwa mlango huohuo. Wao ni mashahidi tu, tena mashahidi wasio mukallafu. Hukumu haitoki kwao.

Basi nikamjibu mwenzangu: jani lina sehemu yake, na siku nne za kujifungia chumbani bila usingizi zina sehemu yake. Jioni tukahamishia vitabu msikitini, tukasoma watu sita. Mfuko wake wa mairungi ulibaki chini ya kitanda. Hakuutupa, nami sikumwuliza.