Damu Imepungua? Kamua Ndimu, Sogeza Chai

Unachoka bila kazi nzito, moyo unaenda mbio ukipanda ngazi, tena unatamani kutafuna udongo au barafu. Huenda mwili wako umepungukiwa madini ya chuma, ambayo damu huyahitaji ili kubeba oksijeni. Kula vyakula vyenye chuma ni mwanzo tu. Kazi kubwa ni kuusaidia mwili ukinyonye.

1. Pima kwanza. Ukope uliopauka ni dalili, haumalizi shauri. Nenda zahanati upime wekundu wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Kwa mjamzito ni chini ya 11, na kwa mwanaume ni chini ya 13.

2. Jua damu inapotelea wapi. Hedhi nzito, minyoo ya safura na uzazi wa karibukaribu humaliza akiba ya chuma. Mwanaume, au mwanamke aliyekoma hedhi, asikawie kumwona daktari: anaweza kuwa anavuja damu tumboni bila kujua.

3. Nyama kidogo inatosha kusaidia. Chuma cha nyama nyekundu, maini na samaki hunyonywa kwa urahisi kuliko cha mimea. Dagaa wachache kando ya maharage husaidia hata chuma cha maharage kunyonywa. Mjamzito asizidishe maini, kwa kuwa yana vitamini A nyingi mno.

4. Kamulia ndimu mezani. Vitamini C hufungulia njia chuma cha kunde, dengu, choroko na matembele. Ikamue chakula kikishaiva, maana moto huiharibu vitamini hiyo. Huna ndimu? Kula chungwa, pera au embe pamoja na mlo.

5. Chai isubiri. Chai na kahawa hushikana na chuma tumboni, kikatoka bila kunyonywa. Kunywa saa moja kabla au baada ya kula. Ukibadili hili tu, chakula kilekile kitakufaa zaidi.

6. Loweka, chachusha. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yake ndipo uyapike. Uji wa unga uliochachushwa nao huachia chuma kwa urahisi zaidi.

7. Usidanganywe na rangi. Wekundu wa bitiruti hautokani na chuma. Inywe juisi yake ukiipenda, ila isichukue nafasi ya maharage wala ya dawa.

8. Vidonge vina utaratibu wake. Vimeze kwa maji au juisi ya chungwa, tumbo likiwa tupu. Vikikuchafua tumbo, meza pamoja na chakula. Choo kitakuwa cheusi, ni kawaida. Mjamzito hushauriwa kumeza miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku pamoja na asidi ya foliki, kwa hiyo usiache vile unavyopewa kliniki. Mwenye selimundu asianze bila kumwuliza daktari. Vifungie mbali na watoto: vikizidi vinaweza kumuua mtoto.

9. Usiishie njiani. Nguvu hurudi kabla akiba haijajaa. Mara nyingi dozi huendelea kwa miezi kama 3 baada ya kipimo kuwa sawa. Rudi upime tena, na umwachie mhudumu wa afya akuambie lini uache.