Goti Linalouma Usiku



Mwezi huu tuzungumze juu ya kansa ya mfupa. Si ugonjwa wa kila siku, lakini ukimpata mtoto haungoji. Hushika zaidi vijana wa miaka 10 hadi 20, wakati wanaporefuka, na mara nyingi huanzia karibu na goti.

Kijana husema aliumia mpirani. Nyumbani hukandwa kwa maji ya moto, huchuliwa, pengine huchanjwa. Lakini maumivu ya kuteguka hupungua siku hadi siku. Haya huzidi, hasa usiku, na uvimbe hukua. Wiki tatu zikipita hivyo, apigwe picha. Sisi wa Mbulu wengi huanzia Haydom. Uvimbe huo usichuliwe wala usipasuliwe kama jipu. Niliwahi kumpokea kijana aliyepasuliwa hivyo kabla ya kuletwa kwetu. Usaha haukutoka, ilitoka damu tu, na kidonda hakikufunga tena.

Picha ikitia shaka, mgonjwa hupelekwa hospitali kubwa kama KCMC Moshi. Huchukuliwa kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe, na daktari atakayempasua ndiye achague pa kukichukulia, maana njia ile nayo itaondolewa. Mapafu pia hupigwa picha, kwa kuwa ugonjwa hukimbilia huko. Kisha huanza dawa za kansa za mshipani kwa wiki kadhaa, ndipo upasuaji, halafu dawa tena. Zamani dawa hizo zilitufanya twende hadi Ocean Road, Dar es Salaam. Tangu mwaka 2016 KCMC nayo ina kituo chake cha kansa.

Kama uvimbe haujazunguka mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu, yapo mahali ambapo daktari huondoa mfupa mgonjwa peke yake, akaweka chuma au mfupa mwembamba uliotolewa kando ya muundi wa mguu wa pili. Kazi hiyo ni ghali, na chuma cha kawaida hakirefuki pamoja na mtoto. Watu wetu wengi huchelewa, hivyo mguu hukatwa.

Hapa ndipo familia hutoroka wodini. Bibi mmoja aliniambia, “Afadhali mjukuu wangu azikwe na miguu yake miwili.” Siku ile nilinyamaza. Leo ningemjibu: Bibi, mguu tukiutoa mapema, mtoto anaweza kubaki. Kinachoua ni kile kinachopanda mapafuni wakati ukoo unafanya kikao. Katika nchi zenye dawa zote, wanaowahi kabla mapafu hayajaguswa, takriban 2 kati ya 3 huwa hai baada ya miaka 5.

Moshi kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, tangu mwaka 1981. Kabla ya upasuaji ombeni mtoto apelekwe kwenye karakana, amwone mwenzake akifundishwa kutembea. Milima yetu ya Tumati ni migumu kwa magongo, kwa hiyo mwelezeni fundi mapema kwamba kijana atapanda na kushuka kila siku kwenda shule.